Ng'ombe wawili wanaofanana kwenye skrini: uzi maalum wa amri ya od

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili, leo nalishusha lote hapa maana naamini kuna wenzangu linawatesa na hawajajua linaitwaje.

Nasaidia kazi za kompyuta kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa huku Kanda ya Ziwa. Wanachama wengi ni Wasukuma, kwa hiyo daftari limejaa majina yenye Ng'w. Mwezi uliopita zililetwa orodha mbili: moja imechapwa ofisini kwenye kompyuta, nyingine wamekusanya vijana wa mashinani kwa simu zao. Kazi yangu ilikuwa kuzilinganisha, nani kalipa hisa na nani bado. Nikaandika skripti fupi (maagizo machache ya kompyuta), nikaiendesha, ikasema wanachama 41 hawajalipa hata shilingi.

Katibu akaanza kuwapigia. Siku ya pili akaja mama mmoja mtu mzima na risiti zake kwenye mfuko wa rambo, amezipanga kwa miezi, akaziweka mezani moja moja bila kusema neno. Zote zipo, hakuna mwezi alioruka. Na jina lake lipo kwenye orodha zote mbili. Ukizifungua sambamba, ni jina lile lile herufi kwa herufi. Lakini skripti inang'ang'ania kwamba hayafanani.

Nilikagua nafasi za mwisho wa mstari, nikakagua herufi kubwa na ndogo, nikaichapa skripti upya. Hola. Usiku wa pili ndipo nilipokumbuka amri moja ya zamani ambayo watu wengi huipita tu: `od`.

Majina ya watu siwezi kuyaweka hapa, nitatumia ng'ombe. Nilichukua mstari mmoja kutoka kila faili:

```
$ cat ofisi.txt
ng'ombe
$ cat simu.txt
ng’ombe
```

Kwenye terminali yangu (dirisha la kuchapia amri) hata kwa kukodoa macho sikuona tofauti. Sasa od:

```
$ od -c ofisi.txt
0000000   n   g   '   o   m   b   e  \n
0000010
$ od -c simu.txt
0000000   n   g 342 200 231   o   m   b   e  \n
0000012
```

Hapo nilisimama kwenye kiti.

Ritifaa (alama ya ') ya ofisini ni baiti moja, yaani namba moja kati ya zile ambazo kompyuta huhifadhia maandishi, ile ya kawaida ya kibodi. Ya kwenye simu ni baiti tatu: 342 200 231. Simu nyingi hupenda "kurembesha" alama, ukichapa ritifaa iliyonyooka yenyewe inaweka iliyopinda, ambayo kwenye Unikodi, orodha ya kimataifa ya namba za herufi, ni U+2019. Kwa Mwingereza hilo linaharibu sehemu chache tu za sentensi. Kwetu sisi ng' ni sauti moja kamili ya lugha, ipo kwenye ng'ombe, ng'ambo, mbung'o, kung'oa, na kwenye majina ya watu. Ikibadilika ritifaa limebadilika jina. Kwa hiyo wale 41 wote, nawahakikishia wote, walikuwa na ng' kwenye majina yao. Mashine iliwaona kama watu wengine kabisa.

Sasa nieleze amri yenyewe, maana watu huikimbia kwa sababu mara ya kwanza wakiiita inawatupia namba za ajabu.

od kazi yake ni moja: inakuonyesha baiti za faili kama zilivyo, kwa umbo utakalotaka wewe. Programu za kawaida, kuanzia Notepad mpaka Excel, hukuonyesha tafsiri ya faili. Zinasoma namba, zinachora herufi. od inakupa namba. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumwaga faili kwa namba za kizio cha nane, yaani zinazotumia tarakimu 0 hadi 7 tu. Na ni ya zamani hasa: imo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix (mfumo wa kuendeshea kompyuta) kilichotolewa Bell Labs, Novemba 1971. Zaidi ya miaka 50, na bado ipo karibu kila mashine yenye sura ya Unix.

Kwa nini kizio cha nane? Unix ilikulia kwenye PDP-11, kompyuta ya biti 16 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1). Maagizo ya mashine hiyo yamegawanyika kwa vipande vya biti tatu tatu: rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya kompyuta) zipo nane, namna za kufikia data zipo nane. Tarakimu moja ya kizio cha nane ni biti tatu kamili, kwa hiyo fundi wa wakati ule akitazama namba aliona moja kwa moja rejista ipi inatajwa. Kwao lilikuwa chaguo la akili sana. Kwetu limebaki kama mtego, na mtego wenyewe ni huu:

```
$ od ofisi.txt
0000000 063556 067447 061155 005145
0000010
```

Ukiita od bila kuiambia umbo, inachukua baiti mbili mbili, inaziunganisha kuwa namba moja ya biti 16, inaiandika kwa kizio cha nane. Na kwa kuwa mashine zetu nyingi huanza na baiti ndogo, mpangilio unapinduka: g imekaa mbele ya n. Hapo ndipo mtu anaifunga terminali na kusema od haimfai. Usiite od tupu. Sema unataka nini:

```
$ od -An -tx1 simu.txt
 6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65 0a
```

`-t x1` ni baiti moja moja kwa kizio cha kumi na sita (tarakimu 0 hadi 9, kisha a hadi f). `-An` inaondoa safu ya anwani kushoto, yaani namba za nafasi ya baiti ndani ya faili. Anwani hizo nazo zina kamtego: ni za kizio cha nane pia. Ile 0000010 pale juu inamaanisha baiti nane, na 0000012 ni kumi. Ukitaka anwani za kawaida, weka `-A d`.

Dawa ya faili langu ilikuwa mstari mmoja, unaobadilisha kila ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka:

```
LC_ALL=C sed "s/\xe2\x80\x99/'/g" simu.txt > simu_safi.txt
```

Nikaendesha skripti tena. Wanachama 41 wakarudi mahali pao.

Karibuni kwa maswali, na mwenye mkasa wake aushushe.

#2

Mkuu umenigusa penyewe. Mimi nipo Nakuru, natunza orodha za wazazi, na huku kuna akina Ng'ang'a na Wang'ombe tele. Nimejaribu sasa hivi. Kwangu nimekuta ritifaa tatu tofauti! Kuna 47 kwa kizio cha nane, kuna hizo zako 342 200 231, halafu kuna 342 200 230. Hii ya mwisho ni nini?

#3 – Mwanzisha uzi

Hiyo ya mwisho ni ndugu yake anayepinda upande wa pili, U+2018, alama ya kufungua nukuu. Simu huiweka ikidhani unaanza kunukuu. Ng'ang'a akiandikwa na mtu aliyeacha nafasi kwa bahati mbaya, Ng 'ang'a, basi ritifaa ya kwanza inapinda huku na ya pili inapinda kule, ndani ya jina moja.

Na angalia kama kuna 312 274. Hiyo ni U+02BC, ambayo Unikodi waliitenga kwa ritifaa inayohesabika kama herufi. Kwa hoja ya lugha peke yake hiyo ndiyo ingefaa ng' yetu kuliko zote, maana haikatwi kama alama ya uandishi. Lakini hakuna mtu anayo kwenye kibodi yake, kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua moja, ile iliyonyooka, na uisafishe data inapoingia, kabla haijafika kwenye daftari.

#4

Nashukuru kwa nondo mkuu, ila nina neno. Mimi natumia `hexdump -C` miaka yote, inanipa namba kushoto na herufi kulia, kila kitu sehemu moja. Sioni sababu ya kurudi kwenye kitu cha 1971.

#5

Naomba nimjibu #4 kwa heshima. hexdump ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kazi yangu ni seva, na mara nyingi naingia kwenye kontena (mazingira madogo ya kuendeshea programu moja) iliyonyolewa mpaka mfupa: hakuna hexdump, hakuna xxd, hakuna Vim ya kuhariri maandishi. od ipo, kwa sababu imo kwenye koreutilizi za GNU (fungu la amri za msingi) pamoja na `ls` na `cat`, na imo kwenye POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix. hexdump haimo. Saa nane usiku, huduma imelala na huna ruhusa ya kusakinisha kitu, utashukuru kuijua iliyopo.

Na ule mwonekano wa namba na herufi unaupata:

```
od -A x -t x1z faili
```

Hiyo z ya mwisho ndiyo inayoleta herufi upande wa kulia. Halafu hexdump tupu ina mtego ule ule aliousema mwanzisha uzi. Ukiiita bila `-C`, ng'ombe wetu anatoka 676e 6f27 626d 0a65, kichwa chini miguu juu.

xxd nayo ina sifa moja ambayo od haina kabisa: inarudisha. Unaimwaga faili kuwa maandishi, unahariri namba, `xxd -r` inaigeuza kuwa faili tena. Inakuja pamoja na Vim. Tafadhali fanya hivyo kwenye nakala, usiguse faili asilia.

#6

Wakuu mimi ni mwanafunzi, sina kompyuta, nina simu tu ya Android. Naweza kujifunza hii kitu?

#7 – Mwanzisha uzi

Unaweza kabisa mdogo wangu. Weka Termux, programu ya simu inayokupa terminali, od utaikuta humo. Anza na hii, isome polepole:

```
printf 'mbung\047o\n' | od -c
```

Hiyo \047 ni ritifaa iliyonyooka iliyoandikwa kwa namba yake. Halafu chapa neno lile lile kwa kibodi ya simu yako, lipeleke kwa od, ulinganishe. Ukitoka hapo chukua picha yoyote iliyo kwenye simu:

```
od -An -tx1 -N8 picha.png
```

`-N8` ni kusema nionyeshe baiti nane tu. Kama ni PNG ya kweli utaona 89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a. Kila namba pale imewekwa kwa sababu. 89 haiingii kwenye biti saba, kwa hiyo ikiwa faili imepitia njia inayokata biti ya nane, utaona papo hapo imeharibika. 50 4e 47 ni P, N, G. 0d 0a ni mwisho wa mstari wa Windows, 0a ya mwisho ni wa Unix, zote mbili zimewekwa makusudi ili programu yoyote "inayosahihisha" mistari ijulikane imepita. 1a iliifanya amri ya zamani ya DOS isimame badala ya kumwaga takataka kwenye skrini. Mimi nikiitazama saini hii naona watu waliokaa chini wakafikiria faili itakavyoteseka njiani. Naipenda sana.

Kwa kompyuta za Windows kuna `Format-Hex` ndani ya PowerShell, kazi ni hiyo hiyo.

#8

Mkasa wangu. Nilipakua fomu ya PDF nikiwa kwenye waifai ya hoteli. Haifunguki. Nikapakua mara nne, nimemaliza subira. Nimesoma uzi huu nikajaribu:

```
$ od -c -N16 fomu.pdf
0000000   <   !   D   O   C   T   Y   P   E       h   t   m   l   >  \n
0000020
```

Kumbe sikuwahi kupakua fomu hata mara moja! Ilikuwa ni ule ukurasa wa waifai unaokutaka uweke namba ya chumba, umehifadhiwa kwa jina la fomu.

#9

Ndiyo hivyo mkuu. PDF halali huanza na %PDF, yaani 25 50 44 46. Na docx au xlsx ukiimwaga utaona 50 4b 03 04, herufi PK, kwa sababu ndani yake ni faili la zip. PK ni herufi za jina la Phil Katz aliyebuni umbo hilo. Jina la faili mtu yeyote analibadilisha. Baiti za mwanzo ndizo zinazosema ukweli wake.

#10

Nami nina la kuuliza. Skripti yangu ya bash niliiandika kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows, nikaipeleka seva, inalalamika "bad interpreter" na njia yenyewe ni sahihi. Nimeikagua mara kumi.

#11 – Mwanzisha uzi

Tuwekee hapa majibu ya `head -n 1 skripti.sh | od -c`.

#12

```
0000000   #   !   /   b   i   n   /   b   a   s   h  \r  \n
0000015
```

#13 – Mwanzisha uzi

Iangalie ile `\r` kabla ya `\n`. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, Unix kwa moja. Seva inatafuta programu inayoitwa bash-na-baiti-isiyoonekana, na programu hiyo haipo. Fanya `tr -d '\r' < skripti.sh > mpya.sh`, kisha `chmod +x mpya.sh`. Umeikagua mara kumi na macho yako hayakukosea, ni kwamba baiti hiyo haichorwi.

#14

Kuna kitu kimenitisha. Nilimwaga faili la megabaiti moja, od ikanipa mistari mitatu na kinyota `*` katikati. Je, faili limekatika?

#15

Halijakatika. Kinyota maana yake mstari uliotangulia umejirudia mpaka kwenye anwani inayofuata. Faili lako lina sifuri nyingi mfululizo, ndiyo maana. Ukitaka zote, weka `-v`.

Na usiidharau hiyo `-v`. Mimi huhesabu baiti za faili hivi:

```
od -An -v -tx1 -w1 faili | sort | uniq -c | sort -rn
```

`-w1` inaweka baiti moja kila mstari. Unapata orodha ya kila baiti na idadi yake, na ngeni zinaonekana mara moja: e2, c2, a0. Hizo c2 a0 zikifuatana ni nafasi isiyokatika, inayokuja ukinakili kutoka kwenye kurasa za wavuti, nayo inaonekana kama nafasi ya kawaida. Siku niliyosahau `-v`, kila baiti zilizojirudia zilifichwa nyuma ya kinyota na hesabu yote ikawa ya uongo. Nilipeleka ripoti yenye makosa kwa mkubwa wangu. `-w` ni nyongeza ya GNU, usiitegemee kwenye Mac.

#16

Wakuu od siyo ya maandishi tu. Mimi nashughulika na mita za maji zinazotuma data ghafi. Mita moja ilikuwa inaonyesha matumizi hasi, mamilioni. Baiti zenyewe zilikuwa 00 00 03 e8:

```
$ printf '\000\000\003\350' | od -An -t d4
  -402456576
$ printf '\000\000\003\350' | od -An -t d4 --endian=big
        1000
```

Lita 1000. Mita hutuma baiti kubwa kwanza, kompyuta yetu inasoma ndogo kwanza. Mita ilikuwa nzima, na tulishaandika barua ya kuomba ibadilishwe. `-t d4` ni namba kamili za baiti nne, `-t f4` ni zenye desimali, na `-j` inaruka kichwa cha faili kama data inaanzia ndani.

#17

Nyongeza fupi kwa wapenda historia. Kwenye sheli (programu inayopokea amri unazochapa), `if` hufungwa na `fi`, `case` hufungwa na `esac`, jina likigeuzwa. Steve Bourne, aliyeandika sheli ya Unix, aliutoa mtindo huo kwenye lugha ya programu ya ALGOL 68, na huko `do` hufungwa na `od`. Kwenye sheli haikuwezekana kwa sababu jina od lilikuwa na mwenyewe. Ndiyo sababu tunaandika `done` mpaka leo.

#18

Swali la mwisho kwa mwanzisha uzi. Daftari langu lina mistari 6,000. Siwezi kusoma mmwago wote. Nafanya `od ... | grep 'e2 80 99'`, ili grep initafutie mistari yenye namba hizo, inatosha?

#19 – Mwanzisha uzi

Haitoshi mkuu, na ni vizuri umeuliza. od inakata mstari kila baiti 16. Ritifaa ikiangukia pembeni, e2 80 inabaki juu na 99 inashuka chini, grep haiioni. Nilikosa majina mawili kwa njia hiyo hiyo. Kwanza tafuta mistari yenye baiti ngeni kwenye faili lenyewe:

```
LC_ALL=C grep -n '[^ -~]' daftari.txt
```

Hiyo inatoa kila mstari wenye chochote nje ya herufi za kawaida za kibodi, pamoja na namba ya mstari. Kisha mstari unaokutia shaka, mmoja mmoja, upeleke kwa `od -c`. Kama faili lina tabo zitatoka nazo, usishtuke.

Jana nimeipitisha kwenye daftari letu lote, tangu mwaka wa kwanza wa chama. Mistari mingine 9 imetoka, ya wanachama ambao hawajawahi kuja kulalamika. Wawili kati yao walinyimwa mkopo mwaka jana kwa kuonekana hawana hisa za kutosha. Nimewaandikia kamati, na Jumatatu katibu anawafuata nyumbani.